Pasi ya mkaa ya kale: kuichagua na kuitoa kutu

Kwa wauza chuma chakavu wa Mwanza, pasi ya kasti (chuma cha kumiminwa kwenye kalibu) iwahi kabla haijapondwa iuzwe kwa kilo. Chomoa pini ya bawaba, utenge kifuniko, uning'inize bodi kwa kamba na kuigonga kwa ufunguo. Ikilia kwa mlio mrefu, ni nzima. Sauti ikifa hapo hapo, tafuta ufa. Alama mbichi za grenda mara nyingi ni dalili ya pasi iliyoigwa juzi. Jina au namba ya kiwanda ndiyo thamani yenyewe, usiikwangue kamwe!

Toa mpini wa mti, kisha loweka chuma kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, dakika 30. Sugua, rudia. Ikilala humo usiku kucha, siki itakula chuma chenyewe. Ioshe na kuikausha jikoni papo hapo, maana kwa unyevu wa ziwa kutu hurudi upesi, halafu paka mafuta kidogo sana.

Ufa usichomelewe kwa fito za kawaida: kasti ina kaboni nyingi, hupasuka tena pembeni ya weldi.