SOMO: Kuchagua na kuweka spika za studio kwenye chumba kidogo cha nyumbani

Wakuu, salaam.

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Kaka, nina chumba kidogo, ninunue monita gani?" (monita ndiyo hiyo spika ya studio). Nimejibu mpaka nimechoka, na nikijibu kwa kifupi mtu anakwenda kununua kitu ambacho chumba chake hakikiwezi. Leo naandika mara moja kwa kirefu. Mfano wangu ni chumba changu cha Mbagala: mita 3 kwa 3, tofali za saruji, dari ya jipsamu mita 2.7, dirisha moja la vioo. Wengi tunaorekodia nyumbani tuko humohumo.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kuulizia bei. Chukua futi ya fundi, pima urefu, upana na kimo. Kisha gawanya 172 kwa kila kipimo cha mita. Mita 3 zinakupa Hz 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), mita 2.7 zinakupa Hz 64. Hizo ndizo besi ambazo chumba chako kitazivuruga, uweke spika ya bei yoyote. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi kwa sababu urefu na upana vinagongana kwenye namba moja.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa wufa, ile koni kubwa inayopiga besi. Kwa chumba cha mita 3, inchi 5 inatosha. Ukiwa na mita 4 na kuendelea, inchi 6.5 au 7. Yamaha wanaandika kwamba monita yao ya inchi 5, HS5, inashuka hadi Hz 54 na ya inchi 8, HS8, hadi Hz 38, na hapo wanahesabu mpaka sauti imepungua kwa desibeli 10, kwa hiyo usidhani Hz 54 utaisikia kwa nguvu kama Hz 100. Hata hivyo, ndani ya mita 3 ile besi ya ziada ya inchi 8 inakwenda kuamsha matatizo ya hatua ya 1 tu. JBL 305P, KRK Rokit 5, Adam T5V, zote ni za inchi 5 na zote unaweza kufanyia kazi ya maana. Usiniulize ipi ni "kali". Ukiweza, kasikilize kwa wimbo unaoujua kila kona yake, halafu chagua.

Hatua ya 3: Nunua zenye ampu ndani, jozi moja, modeli moja.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha nyuma. Mtumba wa Japani mara nyingi ni wa volti 100, wa Marekani 120. Sisi ni 230. Kama kimeandikwa 100 peke yake, bila transfoma ya kushusha utaiunguza siku ileile ya kwanza.

Hatua ya 5: Mahali pa kuweka na mahali pa kukaa. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu kazi ya watu.

Nilikuwa na spika za inchi 8. Nilizibana ukutani, meza nikaisogeza katikati ya chumba ili nyuma yangu ipite hewa ya feni. Kichwa changu kilikuwa mita 1.5 kutoka ukutani, nusu kamili ya chumba. Kwaya moja ikaniletea albamu. Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa kwenye B flati, na B flati ya chini ni Hz 58. Katikati ya chumba cha mita 3, besi ya Hz 57 inakufa kabisa. Kila gita la besi lilipogusa noti ile, mimi nilisikia pengo, nikapandisha desibeli 6. Siku ya uzinduzi kanisani noti ile ilinguruma mpaka vioo vya madirisha vikalia, na alto hazikusikika hata kidogo. Wale kina mama walikuwa wamefanya mazoezi miezi minne. Mwalimu wao aliniangalia, hakusema neno. Nilirudia albamu nzima bila malipo, na tangu siku hiyo sijakaa katikati ya chumba tena.

Fanya hivi. Kaa kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, ule ulio nyuma ya spika. Kwa mita 3 ni mita 1.14. Nyuma ya spika acha kama sm 20, si zaidi sana. Uso wa spika utakuwa kama sm 42 kutoka ukutani, na ukikadiria pembetatu yenye pande sawa, spika na spika zitaachana kwa sm 83 hivi, umbali uleule kutoka kila spika hadi kichwani. Umbali wa kushoto hadi ukuta wa kushoto uwe sawa na wa kulia hadi ukuta wa kulia.

ONYO: usiache spika zikae mita nzima kutoka ukuta wa nyuma yake ukidhani unaipa nafasi ya kupumua. Besi inagonga ukuta, inarudi kinyume, inajifuta. Gawanya 86 kwa umbali wa uso wa spika hadi ukutani: kwa mita 1 unapoteza Hz 86, palepale kiki (ngoma ya besi) inapopigia kifua. Kwa sm 42 pengo linapanda hadi karibu Hz 205, ambako godoro nene linaweza kulipunguza.

ONYO la pili: kona ni marufuku. Spika ikiwa konani besi inavimba upande mmoja na utahamisha ala zako upande usiofaa.

Hatua ya 6: Twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Tofali mbili zilizofunikwa kwa kitambaa zinatosha kuwa stendi.

Hatua ya 7: Kwa sababu spika ziko karibu na ukuta, besi itaongezeka. Geuza swichi ya nyuma. Kwenye HS5 imeandikwa ROOM CONTROL, anza na -2. Usiguse nyingine mpaka umesikiliza siku tatu.

Hatua ya 8: Godoro la sm 10 au zaidi kwenye kuta za pembeni, pale ambapo mwenzako akipitisha kioo ukutani wewe ukiwa kitini unaiona spika. Acha nafasi ya sm 5 nyuma ya godoro.

Maswali karibuni.

---

Mdau wa Arusha: Mkuu kwa hiyo ninunue ipi kati ya HS5 na HS8? Chumba ni futi 10 kwa 10.

Jibu: Futi 10 ni mita 3 na kidogo. Soma hatua ya 2.

Mdau wa Tandika: Nina sabufa ya sebuleni ina spika tano, inapiga hatari. Siwezi kumiksia humo nikaokoa hela?

Jibu: Hapana. Sabufa imetengenezwa ikupambie wimbo uliokwisha. Wewe unahitaji kuonyeshwa kasoro. Kama hela haijatosha, nunua hedifoni nzuri ya wazi nyuma, fanya kazi nayo, na sabufa iwe ya kukagulia tu.

Mdau wa Tandika: Mbona wapo wanaomiksia sabufa na nyimbo zinapigwa redioni?

Jibu: Wapo, na sijamkataza mtu. Nimeandika kilichoniumiza mimi na hesabu zake. Zipitie, ukiona nimekosea nionyeshe wapi.

Mdau wa Mombasa: Shukran kwa somo. Nina swali: umesema katikati besi hufa. Sasa kwa upana, kichwa chako si bado kiko katikati, sm 150 kila upande?

Jibu: Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu hili. Ni kweli, kwa upana tunakaa katikati ili kushoto na kulia visawazike. Lakini angalia: spika zako mbili ziko pande mbili za mstari wa kati, umbali sawa. Zikipiga besi moja kwa pamoja, ile ya kushoto inasukuma wimbi la upana kwa njia moja na ya kulia kwa njia ya kinyume, zinafutana, kwa hiyo wimbi lile la Hz 57 la upana haliamki sana. Ndiyo maana nasisitiza ulinganifu, na ndiyo maana besi na kiki ziache katikati, usizitupe upande mmoja. Kwa urefu hatuna bahati hiyo kwa sababu spika zote mbili ziko mbele. Jaribu mwenyewe: piga toni ya Hz 57 kwa sauti ya chini, inuka kitini, tembea kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Utaisikia ikifa katikati na kurudi. Ukitaka kuona kwa macho, Room EQ Wizard ni programu ya bure, unahitaji maiki ya kupimia tu.

Mdau wa Mombasa: Nimejaribu sasa hivi kwa Hz 49, chumba changu ni mita 3.5. Nimesikia kabisa! Na tundu la spika, lile la kutolea besi, likiwa nyuma?

Jibu: Hongera. Tundu nyuma au mbele, besi inazunguka pande zote, hivyo ukuta unaathiri zote. La nyuma liachie tu sm 10 hadi 15 lisizibwe.

Mdau wa Dodoma: Trei za mayai zinasaidia?

Jibu: Hapana. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa karibu mita 3.4. Karatasi haiwezi kulizuia, na inawaka moto haraka.

Mdau wa Morogoro: Spika zangu zinavuma hata bila muziki. Nirudishe dukani?

Jibu: Kwanza angalia jeki. Ikiwa na pete mbili nyeusi ni ya balansi (inayopunguza mvumo), ikiwa na moja ni ya gita, badilisha. Kisha chomeka kompyuta, intafesi (kile kifaa cha kuingiza na kutoa sauti) na spika kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Ukimaliza hayo na bado zinavuma, ndipo urudi dukani.

Mdau wa Morogoro: Ilikuwa jeki. Asante sana kaka. Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

Jibu: Zima spika kwenye soketi kabla umeme haujarudi. Spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, vinginevyo ule mshindo wa kuwaka unaumiza twita. Na usimiksi kwa sauti kubwa, sikio linaona besi nyingi sauti ikiwa juu. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933. Kama lazima upaze sauti kuongea na aliyekaa pembeni, punguza.

Mdau wa Kigoma: Bati langu mvua ikinyesha sisikii kitu. Dari ya jipsamu inasaidia?

Jibu: Kidogo. Weka sufi ya mwamba (rockwool) juu ya dari kabla fundi hajafunga bodi za jipsamu, si baada. Mimi mvua ikianza nahamia kuhariri sauti kwa hedifoni na kupanga faili, spika naziwasha mvua ikikatika.