Runinga na intaneti ukizunguka na gari la kulala, Bagamoyo hadi Tanga

Mara ya kwanza kurudi nyumbani Tanzania na watoto nilibeba runinga ya inchi 19 na lile dishi la kuba linalojitafutia satelaiti lenyewe, kama tunavyofunga juu ya magari ya kulala kule Marekani. Tulikodi Land Cruiser yenye hema juu, usiku wa kwanza tukalala Bagamoyo. Kuba likazunguka na kuzunguka mpaka betri ikachoka. Asubuhi akaja fundi mmoja kutoka Dunda, akalitazama kwa heshima, akaniambia: "Kaka, hili linatafuta satelaiti za kwao. Huku hazionekani."

Maneno yake yangeniokolea uzito wa sanduku kama ningeyasikia kabla ya safari, na ndiyo sababu naandika. Satelaiti za runinga zimesimama juu ya ikweta, kila moja na longitudo yake. Zile zinazohudumia Marekani ziko upande wa pili wa dunia, chini ya upeo wa macho yetu, kwa hiyo hakuna mpangilio wa menyu utakaozileta Pangani. Runinga nayo ilikuwa na shida yake. Runinga za Marekani hupokea mawimbi ya antena kwa mfumo wa ATSC, wakati Tanzania inatumia DVB-T2. Ya kwangu ilibaki skrini tupu ya kuchomekea waya wa HDMI. Anayetoka Uingereza au Ujerumani ana nafuu, maana kwao nako DVB-T2 ipo. Angalia pia maandishi madogo kwenye chaja: kama hayasemi 100–240V, usiichomeke ukutani Tanga. Umeme wetu ni volti 230, na kifaa cha volti 120 kitaungua papo hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: njoo na simu nzuri na ruta nzuri, basi. Dishi, king'amuzi na runinga vipatie huku huku, kwa vifaa ambavyo fundi wa huku anavifahamu.

Tuanze na laini, kwa sababu bila laini hata malipo ya king'amuzi yanakwama. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa. Mwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, anakwenda nayo. Ukishachukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, kwa sheria yetu si raia tena wa Tanzania, kwa hiyo utasajiliwa kama mgeni, kwa pasipoti yako. Hilo huwauma wengi dirishani, nami liliniuma, lakini usajili wenyewe hauchukui muda. Nenda duka la kampuni yenyewe, usimalizane na kijana anayeuza laini chini ya mwavuli barabarani, kwa sababu huenda hana kifaa cha kusajili pasipoti.

Hapa pana jambo moja nalisisitiza sana. Usimwombe binamu akusajilie laini kwa jina lake. Namba ikija kutumika vibaya baada ya wewe kuondoka, au simu ikiibwa, wa kwanza kuulizwa ni yeye, na wewe uko Houston. Mtu wa nyumbani hawezi kukukatalia, ndiyo maana usimtie mtegoni. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

iPhone zilizonunuliwa Marekani, kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022, hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi, inayoingizwa ndani ya simu kwa mtandao. Uliza dukani kama wanakupa eSIM siku hiyo hiyo, au nunua simu ndogo ya Android uifanye hotspoti ya gari. Mimi nachagua simu ndogo, hata kama eSIM ipo. Inabaki ndani ya gari, watoto wana intaneti, na mimi natembea mjini na simu yangu bila kuwakatia katuni. Simu au ruta iwe inakubali laini yoyote, isiwe imefungiwa mtandao wa kampuni ya huko. Ruta za Marekani zina kasoro moja zaidi: baadhi hazipokei masafa ya 800 MHz, yanayoitwa bendi ya 20, ambayo hutumika Afrika na Ulaya kufikia mbali vijijini. Soma karatasi ya vipimo kabla ya kuipakia.

Chukua laini mbili za kampuni tofauti. Vodacom, Airtel, Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo, Halotel na TTCL zote zipo, na hakuna hata moja inayoshika kila mahali pwani hii. Ukipita barabara kuu ya lami, kutoka Bagamoyo kwenda Msata, ukakunja kuelekea Segera, Muheza hadi Tanga, minara imefuata barabara na utasahau kama kuna tatizo la mtandao. Mambo hubadilika ukishika njia ya pwani: Makurunge, hifadhi ya Saadani, Mkwaja, Ushongo, kisha kivuko cha Bweni kuingia Pangani. Ndani ya Saadani kuna sehemu tulikaa nusu siku nzima bila hata mstari mmoja kwenye simu. Kwa hiyo pakua ramani, filamu za watoto na tiketi zako ukiwa bado Bagamoyo, na mwambie mtu wa nyumbani utakuwa kimya mpaka saa ngapi. Mama yangu hakuambiwa mara ya kwanza. Tulipofika Pangani tulikuta simu zake kumi na saba hazikupokelewa.

Ukiwa kambini na mtandao unakuja na kuondoka, kumbuka kwamba bodi la gari ni bati, na bati huzuia mawimbi. Ruta iliyokaa chini ya kiti inasikia nusu ya inachoweza kusikia. Ushongo tulifanya hivi: ruta na betri yake ya kuchajia tuliziweka ndani ya ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, tukafunga kamba, tukaipandisha kwenye tawi la mkungu. Kule chini kulikuwa na mstari mmoja unaopepesuka. Juu, mita kama tano, ikawa mistari mitatu imetulia. Mke wangu akazungumza na dada yake Minneapolis kwa video, sura haikatiki. Ndoo iwe ya plastiki, isiwe ya bati, na usiipandishe juani saa sita mchana kwa sababu betri hupata joto. Usifunge kamba kwenye mnazi: nazi huanguka.

Ukipanda kaskazini ya Tanga kuelekea Mkinga na Horohoro, zima rominga au chagua mtandao wako kwa mkono. Karibu na mpaka simu hunasa minara ya Kenya yenyewe, na bando lako la Tanzania halitambuliwi huko. Salio la kawaida ndilo linaloliwa.

Sasa runinga. Kwa anayelala mjini, Tanga au Bagamoyo, king'amuzi cha antena kinatosha: unaichomeka antena, unatafuta chaneli, dakika kumi unaona taarifa ya habari. Nje ya mji ni dishi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza jioni nzima. Kinachohitajika ni kuelewa dishi linatazama wapi.

Azam TV, ambayo wengi wetu tunaitaka kwa ajili ya Ligi Kuu, inarushwa kutoka nyuzi 7 Mashariki. Sisi tuko karibu nyuzi 39, kwa hiyo satelaiti hiyo iko magharibi yetu. Ukiwa Tanga, dira ya simu iseme takriban 278, yaani magharibi ikiegemea kaskazini kidogo sana, na kimo ni kama nyuzi 52 kutoka chini. DStv iko nyuzi 36 Mashariki, karibu kabisa juu ya utosi wetu, nyuzi 80 na kitu. Ndiyo maana dishi la DStv pwani hii utaliona limelazwa nyuma kama ungo wa kuanikia mchele, na mtu aliyezoea madishi ya Ulaya yanayotazama mbele hudhani limeanguka.

Faida yake ni kwamba miti ya pembeni haikusumbui ukiwa na DStv, ila usiegeshe chini ya mwembe. Kwa Azam, angalia kilichoko magharibi yako. Usihukumu kwa uso wa dishi, kwa sababu madishi haya ya umbo la yai hutazama juu zaidi kuliko yanavyoonekana. Njia rahisi niliyofundishwa na fundi wa Ngamiani, mjini Tanga, ni jua: mwezi Machi na Septemba, mwishoni, jua la saa tisa mchana linakaa karibu pale pale ilipo satelaiti ya nyuzi 7. Ukisimama pale unapotaka kuweka dishi, na kivuli cha mti kikawa kimekufunika saa hiyo, sogeza gari. Ukija Julai jua limeegemea kaskazini na Desemba limeegemea kusini, hapo tumia dira.

Jambo la mwisho la kulenga ni jicho lenyewe, LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Huku karibu na ikweta, jicho la satelaiti iliyoko magharibi huzungushwa kwenye kishikio chake karibu robo duara ukilinganisha na lilivyokaa London. Watu hulenga dishi vizuri kabisa, wakakosa picha kwa sababu hiyo tu. Fungua ukurasa wa nguvu ya mawimbi kwenye king'amuzi, sukuma dishi upana wa kidole kimoja, subiri sekunde tano, sukuma tena. King'amuzi ni kizito kujibu; anayezungusha haraka hupita juu ya satelaiti bila kujua. Ukishapata, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye mguu wa dishi pale kimo kilipokaa. Kati ya Bagamoyo na Tanga kimo hakibadiliki sana, kwa hiyo kesho unashughulika na dira peke yake.

Mguu wenyewe usiuachie mchanga peke yake. Upepo wa kusi unaanza kukaza mwezi wa Mei au Juni, na dishi ni tanga kamili. Sisi tunaweka madumu mawili ya maji ya lita 20 juu ya miguu. Konekta za waya zipake grisi na uzungushie utepe, maana hewa ya bahari huila shaba hadi kijani ndani ya wiki chache. Mvua kubwa ya masika ikishuka picha itakatika, hilo si kosa la dishi. Ngoja ipite.

Kulipia ni kwa simu, M-Pesa au pochi nyingine, ukitumia namba ya kadi ya king'amuzi. Washa king'amuzi kwanza ndipo ulipe, kwa sababu amri ya kufungua chaneli inakuja kwa satelaiti, na king'amuzi kilichozimwa hakiisikii.

Umeme wa haya yote si mwingi. Runinga ndogo ya volti 12, king'amuzi na ruta kwa pamoja hula kama wati 55. Ukivitumia kwa muda wa saa nne ni wati-saa 220, yaani ampea-saa 18 hivi kwenye betri ya volti 12. Betri ya pili ya ampea-saa 100 inatosha bila wasiwasi, mradi usitumie ile ya kuwashia gari. Ving'amuzi vingi hutumia volti 12 moja kwa moja. Soma adapta, ununue waya wa kuchomeka betrini, invata iachie kazi nyingine.

Wanaotaka kutazama kwa intaneti pekee wapige hesabu. Saa moja ya picha ya kawaida ni karibu GB 1, ya HD inaweza kufika GB 3. Mechi moja kupitia AzamTV Max, programu ya Azam ya kutazamia kwenye simu, ukiwa umeshusha ubora inabebeka. Watoto watatu kila mmoja na skrini yake haibebeki. Kuhusu VPN, ile tunayotumia kuangalia huduma za kule tulikotoka: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza kwamba anayetumia VPN aisajili kwao. Watu hulichukulia jambo hili kijuujuu. Usilichukulie hivyo. Na dishi la safarini la Starlink, ile intaneti ya satelaiti, usilipakie kwenye ndege kwa kuwa tu Kenya ilianza kulitumia Julai 2023. Kila nchi ina kibali chake, uliza TCRA kabla ya kufunga mizigo.

Kuna jioni ambazo ni bora kuacha dishi likiwa limefungwa kwenye begi. Coastal Union ikicheza, au Simba na Yanga, nenda kibanda umiza, lipia kiingilio, kaa kwenye benchi na wanao. Wangu walijifunza Kiswahili zaidi Pangani katika dakika 90 kuliko masomo ya Jumamosi ya miaka miwili.

Dishi letu halikurudi nasi. Liko Ngamiani, juu ya paa la shangazi, limetazama magharibi. Kila mwisho wa mwezi namtumia hela ya kifurushi, na kabla hajalipa nampigia: "Shikamoo shangazi, king'amuzi umekiwasha?"