Kupima maji ya bomba Kigoma mjini: ugumu, klorini, na ile kalamu ya kutishia watu

Wateja wangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji wana malalamiko mawili makubwa: sabuni ya mche inagoma kutoa povu, na jagi la umeme linashika ukoko mweupe. Mara nyingi kabla sijafika wameshapitiwa na muuza machujio. Ametoa kalamu ya kidijitali, ameichovya kwenye glasi, imesoma mia nne na kitu, akawaambia wanakunywa sumu. Hapa chini ni namna ninavyopima mimi. Naanza na ugumu kwa sababu ndio unaoulizwa sana, ingawa si ugumu unaolaza watu hospitali.

Kwanza jua unachopima. Maji ya bomba hapa mjini chanzo chake ni Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina magnesiamu nyingi, takriban miligramu 40 kwa lita, huku kalsiamu ikiwa 10 hivi. Ukizijumlisha kwa hesabu ya maabara, yaani kana kwamba zote ni kalsiamu kaboneti, unapata ugumu wa kama miligramu 200 kwa lita. Kuanzia 180 kwenda juu huitwa maji magumu sana. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo siku hizi yanafika hadi Tabora, hayafiki hata robo ya hapo. Halafu pH ya ziwa letu, yaani kipimo cha asidi au magadi ya maji, iko karibu na 9. Ikumbuke, tutaihitaji kwenye klorini. (Kuna wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya wanaonunua chumvi maalumu ili maji yao yawe magumu kama haya yetu, samaki wa Tanganyika wajisikie nyumbani.)

Kama uko Kasulu au Kibondo, au unachota kisimani, namba hizo si zako. Hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Sampuli

Chota mbili. Moja kwenye koki iliyo karibu na mita, kabla maji hayajapanda kwenye simtanki. Iache ikimbie dakika mbili tatu ndipo ukinge. Nyingine kwenye koki inayolishwa na tanki. Ziandike majina. Utahitaji pia maji laini ya kulinganishia: maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua yenyewe. Kiangazi nunua maji ya betri kwa wauza vipuri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo.

Hatua ya 2: Sabuni

Kwangua sabuni ya mche, au ile ya mawese, kiasi cha kijiko cha chai. Yeyusha kwenye nusu lita ya maji ya mvua yaliyopashwa moto, acha ipoe. Sabuni ya unga haifai kwa kazi hii, kwa sababu imetengenezwa ili itoe povu hata kwenye maji magumu.

Tia mililita 100 za maji ya mvua kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Kwa bomba la sindano la duka la dawa (bila sindano yenyewe), ongeza mililita 1 ya maji ya sabuni, funga, tikisa sekunde kumi, laza chupa. Endelea moja moja mpaka povu lidumu dakika nzima. Andika umetumia ngapi, kisha rudia kwa maji ya bomba.

Hapa ndipo inapendeza kuangalia. Maji ya bomba hayatoi povu mwanzoni. Yanakuwa meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, na vipande vidogo vinaelea juu na kung'ang'ania kuta za chupa. Hiyo ni sabuni iliyonaswa na magnesiamu na kalsiamu, ndiyo inayobaki pia kwenye beseni na kufifisha mashati meupe. Povu huanza baada ya sabuni kushibisha madini hayo. Toa kiasi cha maji ya mvua kwenye kiasi cha maji ya bomba. Kinachobaki ndicho ugumu ulichokula.

Kuhakiki, changanya nusu mvua na nusu bomba. Kiasi kilicholiwa kiwe karibu nusu. Kikikataa, sabuni ilikuwa nzito mno. Iongeze maji ya mvua urudie.

Ukitaka namba, mwombe mwalimu wa kemia. Kwenye maji mililita 50 anatia bafa (kemikali ya kushikilia pH) ya pH 10 na kiashiria cha Eriochrome Black T, kisha anadondosha EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu na magnesiamu) ya 0.01 M mpaka rangi ya zambarau nyekundu igeuke bluu. Mililita za EDTA zidisha kwa 20. Zikitumika 10, ugumu ni 200.

Hatua ya 3: Ukoko

Watu husema "chemsha yalainike". Hilo linafanya kazi zaidi penye kalsiamu nyingi. Magnesiamu haishuki kirahisi hivyo, kwa hiyo usitegemee jagi likulainishie maji. Ukoko uliopo utoe kwa siki na maji nusu kwa nusu: pasha moto, acha saa moja, suuza. Usifanye hivyo kwenye sufuria ya alumini, asidi inaila. Hita ya bafuni isizidi nyuzi 60, kwa sababu moto ukizidi ukoko unazidi.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Ni kero ya sabuni na vyombo.

Hatua ya 4: Kalamu

Kalamu ya muuza machujio, ile ya TDS, hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakisia jumla ya chumvi zilizoyeyuka (ndiyo TDS). Sodiamu na potasiamu, ambazo ziwa letu linazo za kutosha, zinahesabiwa humohumo ingawa hazina uhusiano na ugumu. Kipindupindu haikioni kabisa. Kwa maji ya ziwa, kusoma kati ya miligramu 330 na 480 kwa lita ni kawaida kulingana na kalamu ilivyopangwa, na chini ya 600 ladha ya maji huhesabiwa kuwa nzuri.

Wengine huja na kifaa cha nondo mbili kinachochomekwa kwenye umeme, maji yako yanageuka kahawia na ya kwake ya chujio yanabaki maangavu. Kahawia hiyo ni chuma cha nondo chenyewe kinacholika. Mwombe atie chumvi ya Uvinza kidogo kwenye maji yake safi, arudie mbele yako; nayo yatageuka.

Hatua ya 5: Klorini

Ukiwa na hela ya kipimo kimoja tu, nunua hiki: vidonge vya DPD na kisanduku chake cha rangi, kwa wauza vifaa vya maabara au vya mabwawa ya kuogelea. Tia kidonge, linganisha rangi ya waridi palepale kwenye koki, maana ukisafiri na sampuli klorini inapotea njiani. Kwenye koki ya nyumbani tafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Pima sampuli zote mbili. Karibu na mita ikiwa 0.3 na baada ya tanki ni sifuri, mwenye kazi ni wewe: tanki lina tope chini, au mfuniko umepasuka. Klorini ya karibu na mita ikiwa sifuri siku kadhaa mfululizo, peleka taarifa kwa mamlaka ya maji ukiwa na tarehe na saa.

Sasa ile pH. Klorini hufanya kazi vizuri maji yakiwa chini ya pH 8. Kwenye 9 inaua vijidudu polepole. Kwa hiyo ukitumia vidonge vya kutibu maji, pale pakiti inaposema nusu saa mimi nasubiri saa nzima. Masika, mito ikiingiza tope na maji yakaja na ukungu, yaache yatulie kwenye ndoo, yachuje kwa kitambaa kizito, ndipo utie kidonge. Tope huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Ukiamua kuchemsha badala yake, dakika moja ya kutokota kwelikweli inatosha.

Tanki lioshe kwa brashi, litoe maji yote kwa koki ya chini, lijaze, kisha pima klorini tena kesho yake kwenye koki ileile.