Winchi ya nanga ikigoma, usikimbilie mota

Mwaka wangu wa kwanza Ggaba, ufukweni mwa ziwa hapa Kampala, nikiwa bado nanuka Mombasa, niliitwa Entebbe kutazama boti ya fiberglasi ya mita kumi. Ilikuwa imeletwa kwa lori kutoka pwani. Winchi yake ya nanga, ile mashine ya kuvutia mnyororo, ya volti 12, ilikuwa na umri mkubwa kuliko kijana aliyekuwa akiibonyeza. Ukikanyaga swichi inaguna, inazunguka nusu duara, inanyamaza. Nikafungua mota siku hiyohiyo, nikapanda nayo taksi mpaka kwa mafundi wa Katwe, Kampala, ikasukwa waya upya. Nikairudisha, nikakanyaga swichi. Ikaguna, nusu duara, kimya. Mwenye boti akanitazama. "Ssebo, sasa?"

Hela ya kusuka mota nilimrudishia kwa mafungu. Mota haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa mwisho wa waya. Kwa nje kiling'aa, lakini nilipopasua mpira nilikuta waya umegeuka unga wa kijani. Watu husema ziwa letu, Nalubaale, au Viktoria ukipenda, halina chumvi. Ni kweli, ila boti iliyotoka bahari kuu huja na chumvi yake ndani ya nyaya, na chumvi hiyo haijali umefika Entebbe.

Kwa hiyo sasa naanza hivi. Kwanza mnyororo unafungwa, kwa kizuizi chake cha pale omo, mbele ya boti, au kwa kamba nene kwenye kigingi. Klachi ikilegea huku nanga inaning'inia, mnyororo hutoka kwa kishindo na vidole havipewi taarifa. Kisha nawasha injini ya boti. Winchi ya wati 1000 inakula ampea 80 na zaidi ikivuta, na betri peke yake, tena iliyochoka, haitakupa picha ya kweli.

Sasa chukua mita yako na mtu wa kukanyaga swichi. Usipime winchi ikiwa imetulia, maana umeme usiotembea hupita hata kwenye waya uliobaki nyuzi mbili, na mita itakuonyesha volti zote, safi kabisa. Pima ikiwa inavuta. Mchokoo mmoja wa mita uweke kwenye nguzo chanya ya betri, wa pili kwenye skrubu chanya ya mota. Namba utakayoisoma ni volti zinazopotea njiani. Kwenye boti ile ya Entebbe zilikuwa 3.0. Nikawa nausogeza mchokoo wa pili kurudi nyuma, kituo kwa kituo: mpaka breka, swichi inayokata umeme ukizidi, 0.2, kuvuka breka 0.4, mpaka kwenye skrubu ya solenoidi, swichi kubwa ya sumaku inayoamriwa na ile ya mguu, 2.8. Yaani 2.4 zilikuwa zimemezwa na kipande kimoja cha waya kisichofika mita saba. Hapo hutafuti tena, unachukua kisu. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kwa sababu huo ndio mafundi wengi wanausahau.

Na kama lagi zote ni nzima lakini volti bado zinapotea, tazama unene wa waya. Betri ikiwa tezi, nyuma ya boti, na winchi ikiwa omo, kwenda na kurudi ni mita 20. Waya wa milimita za mraba 16 kwa ampea 80 unapoteza kama volti 1.75. Wa 35 unapoteza 0.8. Nimekuta boti imefungwa waya wa kuunganishia redio ya gari, mwenyewe akishangaa kwa nini sitaha inanuka mpira ulioungua.

Ikiwa haingurumi kabisa, sikiliza. Solenoidi ikilia "tak" na mota haizunguki, vigusanishi vyake vya ndani vimeungua, au umeme mkubwa haufiki. Isipolia, tatizo liko kwenye waya mwembamba: fyuzi ndogo, au swichi ya mguu. Swichi ya mguu ndiyo mgonjwa wa kudumu huku. Jua la hapa Ikweta linapasua kofia yake ya mpira, mvua inaingia, halafu wale wadudu wa ziwani, wanaopanda angani kama moshi, wanakuja kufia humo kwa maelfu. Niliwahi kutoa kiganja kizima cha wadudu waliooza chini ya kofia moja. Isafishe, ikaushe, paka grisi nyepesi pembeni, na ubadilishe kofia. Winchi ikiwa inaanza yenyewe bila kukanyagwa, usibishane nayo: kata breka kwanza, ndipo utafute swichi au solenoidi iliyoganda.

Umeme ukifika vizuri na mota bado imekaidi, sasa una ruhusa ya kuifungua. Mara nyingi utakuta kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwama kwenye nyumba zake kwa vumbi lake lenyewe na unyevu. Kaboni inatakiwa iteleze kwa kidole, na springi iisukume kwa nguvu. Sehemu ya shaba inayozunguka ikigusana na kaboni isugue kwa msasa wa karatasi, laini, namba 400 hivi. Usitumie msasa mweusi wa kitambaa wa kusugulia chuma, kwa sababu punje zake huenda zikapitisha umeme na zikibaki kwenye mifereji ya kati ya vipande vya shaba zitaleta shoti. Mifereji ichokoe kwa kipande cha msumeno wa chuma. Kaboni za mfano wa zamani zikikosekana, nenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na ile ya zamani mkononi, tafuta za stata ya gari zilizo kubwa kidogo, uzisugue mpaka zilingane. Ziwe za stata, si za dainamo, maana za stata zina shaba nyingi na zinahimili ampea.

Kuna wanaogonga mota kwa nyundo iamke. Kama ina nyaya tatu nene, yaani ya koili bila sumaku, kugonga kidogo huwa kunaachia kaboni. Ikiwa na nyaya mbili tu, yaelekea ina sumaku ndani, na sumaku ikipasuka umejinunulia mota.

Giaboksi sitaisemea sana. Toa oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili ya shafti imekwisha, kwa hiyo kubadilisha oili peke yake ni kujidanganya. Oili yenyewe fuata kitabu chake. Ndani kuna gurudumu la shaba, nalo halipendi kila oili ya gia.

Mnyororo ukiruka kwenye gurudumu lake, wengi hulaumu gurudumu. Pima mnyororo kwanza. Mnyororo wa milimita 10 una vipimo viwili: wa DIN 766, kipimo cha Kijerumani, pete yake ina urefu wa ndani wa milimita 28, wa ISO, cha kimataifa, una 30. Milimita mbili hizo, zikijumlishwa pete kwa pete, zinatosha kuurusha. Na ule wa dukani wa kufungia geti hauna kipimo chochote, pete moja fupi nyingine ndefu. Bwana mmoja alininunulia mita 40 za huo akidhani ananisaidia. Tulifungia mbwa.

Halafu winchi si trekta. Tope la chini ya Nalubaale linashika nanga kama ugali ulioganda, na magugu maji yakielea usiku yanakuja kulala juu ya mnyororo. Yakate kwa panga kabla ya kuvuta. Isogeze boti mbele polepole kwa injini, winchi iokote mnyororo uliolegea tu. Mnyororo ukisimama wima na nanga haitoki, fungia mnyororo kwenye kizuizi, acha boti yenyewe iing'oe.

Ukimaliza kazi, tia nanga pahali penye kina cha mita kumi, uivute mara tatu mfululizo. Kisha kata breka na upitishe mgongo wa mkono juu ya kila lagi, kutoka betri mpaka mota. Ile yenye joto kuliko wenzake, ifungue leo.