Jinsi ya kuiangalia Woodstock mpaka mwisho bila kusinzia

Kwanza nikwambie ukweli, Woodstock, ile dokumentari ya tamasha la muziki la 1969 kule Marekani, ni ndefu kishenzi. Toleo la kwanza lililotoka 1970 ni dakika 184, halafu 1994 likaja toleo refu la mwongozaji mwenyewe, Michael Wadleigh, dakika 224. Mi niliyajua haya kwa maumivu. Mara ya kwanza niliinunua kwenye kibanda cha mtu wa CD za kuchoma, nikakaa na soda yangu na karanga, ikafika katikati ikakata, disk imeisha, nikaenda zangu kulala najua nimeimaliza na kesho yake nikawa natamba kwa washkaji kwamba mbona hiyo Woodstock ya kawaida tu. Kumbe wanamuziki wenyewe wakali, Santana sijamuona, Sly sijamuona, Hendrix sijamuona. Kwa hiyo kabla ya lolote angalia dakika. Ikiwa chini ya saa 3, umepigwa.

Lipi uchukue? Kama ni mara yako ya kwanza chukua lile la 1970, limebana vizuri zaidi. Lile refu lina mwimbaji Janis Joplin na bendi ya Jefferson Airplane ambao kule mwanzo walikatwa, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa Janis basi sina ubishi na wewe, chukua refu.

Sasa usiiangalie kwenye simu. Najua bando limeisha, najua TV ya nyumbani imeshikwa na watu wa tamthilia, lakini kwenye simu hii filamu inakufa kabisa, na sababu ni kwamba kuna sehemu kibao skrini inagawanyika vipande viwili na kuna pahala vitatu, huku msanii kwa mbele, huku msanii huyohuyo kwa pembeni, huku mdada kwenye umati kafumba macho. Wapiga picha walikuwa wengi wakarudi na mafilamu ya zaidi ya saa 100, sasa wahariri wangefanyaje, wakaamua kukuonyesha vitu viwili kwa pamoja. Kwenye hao wahariri alikuwepo dada mmoja anaitwa Thelma Schoonmaker, aliyeteuliwa Oscar kwa kazi hii hii, na kijana wa miaka 26 hivi hajulikani, Martin Scorsese. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu. Filamu yenyewe ikabeba Oscar ya dokumentari bora. Kwa hiyo tafuta TV, au azima laptop na waya wa HDMI, na sauti usiachie spika za TV, chomeka sabufa. Usiiweke bezi mwisho lakini, maana rekodi ni ya 1969, ukizidisha inakuwa kama mtu anaburuta kabati.

Kingine cha kujua kabla hujabonyeza play ni hali ilikuwaje, maana filamu haikai chini kukueleza. Vijana wanne walitaka kufanya tamasha la siku tatu, Agosti 1969, tiketi dola 18 kwa siku zote. Mji waliopanga kufanyia ukawanyima kibali mwezi mmoja kabla, wakahaha, wakampata mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Bethel, jimbo la New York, mzee Max Yasgur, akawakodishia shamba. Muda umebana, ikabidi wachague wamalize uzio au wamalize jukwaa. Wakamaliza jukwaa. Basi watu wakaingia bure. Viongozi wa pale waliambiwa watakuja 50,000, wakaja zaidi ya 400,000, barabara zikaziba watu wakaacha magari wakatembea.

Wewe ushawahi kuwa kamati ya harusi? Kadi 200, pilau la watu 200, halafu unaona Coaster ya tatu inapaki na waliomo wote wanakuja kwenu. Iangalie kwa jicho hilo. Ukiiangalia kama mkusanyiko wa video za muziki utachoka saa ya kwanza, ila ukiiangalia kama shughuli iliyowazidi wenyewe kimo haikuachii. Na ndio maana usiforward sehemu za maongezi! Watu wengi wanafanya hivyo, wanaruka kutoka wimbo mpaka wimbo, wanakosa wenyeji wanavyobishana barabarani, mmoja anasema watoto hawa wana adabu, mwingine anafoka kwamba ni aibu tupu, wanakosa jukwaa linavyojengwa, wanakosa foleni za kupiga simu nyumbani. Na wanamkosa yule baba wa vyoo.

Huyo baba nakuomba umsubiri. Anakuja na gari lake kunyonya vyoo, ana mpira, ana brashi, anafanya kazi yake huku anaongea taratibu kabisa kama anamwagilia maua. Anakwambia ana mtoto mmoja yuko hapo tamashani na mwingine yuko vitani Vietnam. Basi, anaendelea na choo kinachofuata. Mi nadhani hapo ndipo filamu yote ilipo, magwiji wote wale na gitaa zao hawajasema zaidi ya alivyosema yule mzee.

Upande wa muziki, anza kukaa vizuri kwa Richie Havens. Hakutakiwa kufungua yeye, wenzie walikwama njiani, akapandishwa, akimaliza anarudishwa, akimaliza anarudishwa, nyimbo zikamuishia, akaanza kupiga gitaa tu na kurudia neno moja, uhuru, uhuru, halafu akachomekea wimbo wa zamani wa kiroho wa watu weusi wa Marekani, wimbo ukazaliwa pale pale jukwaani. Angalia kidole gumba chake cha mkono wa kushoto, kinapita juu ya shingo ya gitaa kubana nyuzi, wapiga gitaa wengi hawabani hivyo. Angalia na mgongo unavyolowa jasho.

Mwimbaji Joan Baez anaimba usiku, mjamzito, mumewe yuko jela kwa kukataa kwenda vitani. Mwimbaji mwingine, Country Joe, ndiye utakayemfuata hata kama kizungu chako cha kuungaunga, maana mashairi yanaandikwa kwenye skrini na kidude kinarukaruka juu ya maneno, ila kabla ya wimbo anautajisha umati herufi za tusi moja moja, kwa hiyo kama kuna watoto sebuleni shika rimoti. Tena tukiwa hapohapo kwenye rimoti, kuna watu wanaoga bwawani kama walivyozaliwa, na bangi inavutwa hadharani. Usije ukaiweka Jumapili mchana shangazi amekuja kutoka Tanga, mimi niliiweka, na sina hamu. Alitazama kimya, akauliza, "Mwanangu, hawa wazazi wao wapo?" Nikapunguza sauti kana kwamba tatizo ni sauti.

Ukiona mvua na matope jua Joe Cocker katoka kuimba, hiyo ni Jumapili mchana. Ila mpangilio wa filamu usiuamini sana, wameupanga wao. Santana kwa mfano alipiga Jumamosi mchana, filamu imemsogeza kule mwishoni. Sawa tu, maana ukimuweka mapema waliobaki wote wanaonekana wamechoka. Hapo pandisha sauti. Albamu ya kwanza ya bendi yake ilikuwa bado haijatoka, ilitoka wiki mbili baadaye, kwa hiyo wengi pale walikuwa hawawajui. Yule mpiga drams, Michael Shrieve, alikuwa na miaka 20, na ile solo yake skrini inagawanyika mkono huku uso kule mpaka unasahau kutafuna. Carlos Santana mwenyewe, kwenye gitaa, anakunja uso vile kwa sababu alikuwa amelewa dawa, amesimulia mwenyewe, alikuwa anaiona shingo ya gitaa kama nyoka na anapigana nayo isimtoroke.

Baada yake Sly, hapo hamna maelekezo, simama ucheze.

Halafu Jimi Hendrix, mpiga gitaa. Ratiba ilichelewa mpaka akapanda asubuhi ya Jumatatu, watu wengi wameshaondoka, wana kazi, wana shule. Anapiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa, anaubomoa katikati, unasikia mabomu na ving'ora, enzi hizo vita vya Vietnam vinaendelea. Wakati anapiga mtafute mtu wa ngoma za konga nyuma yake, anaitwa Juma. Naam, Juma Sultan, Mmarekani mweusi wa California, ila jina kama la jirani yako Temeke. Nilivyolisoma hilo jina niliruka kwenye kochi. Shida ni kwamba ngoma zake karibu hazisikiki kabisa, sauti zilivyochanganywa zimemmeza, unaona mikono inapiga na wala husikii kitu. Nimejaribu sabufa, nimejaribu na hedifoni za kuazima, sikio kwenye spika kabisa, hola.

Ukimaliza usikimbilie kuzima, kamera inazunguka kwenye shamba lililobaki, matope, takataka, watu wachache wanapekuapekua. Kesho yake kama bado una nguvu tafuta filamu ya Gimme Shelter, ni ya tamasha la Altamont, Desemba ya mwaka huohuo, kule mtu aliuawa mbele ya jukwaa na ikanaswa. Au tafuta Summer of Soul ya 2021, tamasha la Harlem, New York, la mwaka huohuo wa 1969, Sly yupo tena na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, yupo. Hiyo ndio unaweza kuiweka hata shangazi akiwepo.