Namna ya Kuuzuia Msongo wa Kazi Usivunje Afya na Nyumba

Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara jijini Mwanza anayerudi Igoma usiku kichwa kikimgonga, akawafokea watoto kabla hata hajavua viatu, aanze kwa kupima shinikizo la damu, kwa kuwa linaweza kupanda bila dalili yoyote. Kisha aandike kila siku saa za kuingia na kutoka kazini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na daftari hilo litampa hoja mbele ya msimamizi. Nyumbani amweleze mwenzi wake kinachomsumbua. Ukimya, naamini kabisa, huwatia watoto hofu kuliko habari yenyewe. Usingizi ukiendelea kupotea, aende kituo cha afya bila kuona haya.