Kabla Hujazima Jiko: Kula Vibichi Mwanza kwa Bei ya Sokoni

Mtu akiamua kuishi kwa matunda, mboga na mbegu visivyopikwa, bila nyama, samaki, maziwa wala mayai, jambo la kwanza huuliza matunda yanauzwaje. Kwa Mwanza swali hilo lingefaa liwe la tatu. La kwanza ni maji ya kuoshea, la pili ni kitu gani kitakushikilia tumbo mpaka jioni. Hayo mawili yakikaa sawa, bei haisumbui sana, maana vyakula vinavyobeba mlo huu kwetu ni vya kawaida kabisa: choroko, karanga, ufuta, ndizi, parachichi. Lozi za pakiti na unga wa kijani wa kopo unaotangazwa mitandaoni ni biashara za watu. Unaweza kumaliza mwaka hujavigusa na usipungukiwe kitu.

Tuanze na maji. Miaka yote moto wa jiko ndio uliokuwa ukikulinda, na sasa umeuzima. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na mayai ya minyoo vyote hupita kwenye mboga iliyooshwa vibaya, na kando ya ziwa letu kipindupindu si mgeni, hasa mvua zikianza kusomba uchafu wa mitaroni. Kwa hiyo usioshee chakula maji ya ziwa, hata yakiwa yanang'aa namna gani pale ufukweni. Tena kuna kichocho: hakiingii kwa kula mchicha, kinaingia kupitia ngozi, kwa hiyo anayeumia ni yule aliyezama magoti kuusuuza. Chukua maji ya bomba, yachemshe yapoe, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri muda ulioelekezwa. Klorini inaua bakteria vizuri, ila mayai ya minyoo huistahimili. Hayo yanaondoka kwa kusugua, jani moja baada ya jingine, chini ya maji yanayotiririka. Kazi inachosha. Ndiyo maana mimi ningeegemea zaidi vitu vya kumenya: ndizi, embe, papai, chungwa, nanasi, parachichi. Osha ganda kabla ya kulikata, kisu kisije kikasukuma uchafu ndani. Tikiti lililokatwa tayari kwenye sinia stendi, na nzi wake, liache hapo hapo.

Muulize pia muuza mboga bustani yake iko wapi. Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji na unabeba kila kitu hadi ziwani, hivyo mboga iliyomwagiliwa maji yake au ya mtaro ikae mbali na sahani isiyopitia moto. Akianza kubabaika, chukua kabichi, ubandue majani ya nje, au karoti, tango na nyanya.

Sasa nguvu, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Mtu mzima anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku, na mbeba mizigo wa Mwaloni Kirumba anahitaji zaidi. Gramu 100 za tikiti zina kalori 30 hivi. Za ndizi mbivu ni kama 90, za parachichi 160, za karanga zinapita 560. Piga hesabu: anayetegemea tikiti pekee atalazimika kula zaidi ya kilo 6 kwa siku, na bado usiku atalala akiuwaza ugali. Kwa hiyo ukiwa sokoni usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Linganisha kitakachokushibisha. Fungu la matango linaonekana rahisi mpaka utambue kwamba umenunua maji. Karanga zinaonekana ghali, ila kiganja kimoja cha mchana na kingine cha jioni vinafanya kazi ambayo ndoo ya matunda haiwezi.

Karanga zenyewe zina sharti lake, nalo ni sumukuvu, sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho na isiyotoka hata kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Nunua karanga kavu zinazolia ukizitikisa, kidogo kidogo, uzimwage kwenye ungo na kutupa zote zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi. Ukikuta moja chungu mdomoni, iteme. Na usizihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa joto hili.

Lakini kama ningeruhusiwa chakula kimoja tu cha kumshauri anayeanza, ningesema choroko. Zinalimwa humu humu Kanda ya Ziwa, haziozi kabatini, na hazihitaji friji wala umeme. Zichague mawe, zioshe, ziloweke usiku kucha kwa maji salama. Asubuhi mwaga maji yote, ziweke kwenye chujio au bakuli lililofunikwa kitambaa safi, uzisuuze na kuzichuja asubuhi, mchana na jioni. Vitabu vingi husema mara mbili, lakini joto la Mwanza halijasoma vitabu hivyo. Siku ya pili au ya tatu zimetoa vimkia, zimekuwa laini na tamu kidogo. Changanya na nyanya, kitunguu, karoti, chumvi na ndimu, hiyo ni kachumbari inayoshibisha. Zikitoa harufu ya uchachu au kuteleza kama mlenda, tupa. Mazingira yale ya joto na unyevu bakteria nao wanayapenda, kwa hiyo mwenye kinga dhaifu, mjamzito na mzee azipitishe kwanza kwenye maji yanayochemka. Na tafadhali, nunua choroko za chakula sokoni. Zile za kupanda za duka la pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa ya wadudu.

Usifikirie kwamba kila punje inaoteshwa na kuliwa hivyo. Maharage mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na kuyaotesha hakuiondoi kwa uhakika. Yanataka kuchemshwa hasa. Kisamvu hakiliwi kibichi. Muhogo ndio unaohitaji maelezo, maana barabarani tunautafuna na karanga bila wasiwasi. Ule ni muhogo mtamu, na kipande kimoja kimoja si tatizo. Kuufanya nguzo ya mlo ni jambo jingine: mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na hauponi. Michembe nayo inadanganya, kwani ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, lakini bila kuchemsha utavunja meno.

Kuna vitu ambavyo soko halitakupa kabisa. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na wanaosema inatosha ile ya kwenye udongo wa mboga zisizooshwa wanakurudisha kwenye minyoo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kwa hiyo tenga hela ya vidonge kabla ya hela ya maembe, na usome kwenye boksi kiasi cha B12 kilichomo. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana mtu hujisifu mwaka mzima kisha ganzi ya miguu ikaanza. Chumvi usiiache: ile yenye madini joto ndiyo inayokukinga na rovu. Kuhusu damu, ndimu kwenye choroko inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma, chai ya rangi juu ya chakula inazuia. Pima wingi wa damu na uzito kabla hujaanza, iwe kituo cha afya cha mtaa wako au hospitali ya Bugando, upate cha kulinganisha baadaye.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiingizwe humu. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mgonjwa wa figo (ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi) na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wazungumze na daktari kwanza. Utafiti wa Giessen, Ujerumani, uliochapishwa 1999, uliwakuta karibu theluthi moja ya wanawake wa chini ya miaka 45 waliokula vibichi kwa muda mrefu hedhi zao zimevurugika au zimekoma. Mimi hapo ndipo ninaposema wazi: sufuria moja ya jioni, ya viazi au maharage yaliyoiva, haiharibu chochote, na inapunguza bei.

Kwa manunuzi, fuata msimu. Maembe yakijaa kuelekea mwisho wa mwaka ule maembe, na nanasi za Geita na Sengerema zisizosubiri tena kivuko, tangu daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, uzile zikishuka bei. Parachichi nunua za hatua tatu, ya leo, ya keshokutwa na ngumu kabisa. Ndizi chukua mkungu mkiwa wawili watatu mnagawana. Blenda si lazima, kinu kinatwanga ufuta na karanga vizuri tu.

Nyumbani sema mapema. Mama aliyekuandalia sato na ugali hatafurahi kusikia mezani kwamba siku hizi huli vilivyopikwa, na shangazi zako watadhani umeokoka upya au unaumwa. Msibani na harusini beba ndizi zako, kaa na wenzako sahani ikipita, na umwachie jirani samaki.